Kapteni ni nani leo? Siku moja maishani mwangu

Saa 10 na nusu alfajiri simu inalia, nainuka kitandani kama mzee maana jana kwenye raga tulipiga skramu (timu mbili zinashikana na kusukumana kugombea mpira) karibu saa nzima na shingo haigeuki. Mimi ni propu, yaani msukumaji wa pembeni mstari wa mbele wa skramu, namba 1 timu ya taifa, halafu ni kapteni jeshini. Kabla ya mchakamchaka nina saa moja tu ya gym: shingo, skwoti, mgongo, basi.

Saa 12 mchakamchaka na kombania, na hapa ndo pana vichekesho. Jeshi linataka mtu mwepesi akimbie kilomita 10 na begi mgongoni bila kulalamika, raga inataka propu mwenye kilo 115 asiyesukumika hata hatua moja. Nikipungua kocha wa skramu ananikata jicho, nikiongezeka naishia mkiani huku vijana wa miaka 20 wanaimba na kunigeukia, afande vipi, tukusubiri? Afisa anatakiwa aongoze mbele, mi naongoza kwa nyuma, najisemea nahakikisha hakuna anayebaki hahaha.

Saa 2 gwaride, ukaguzi wa silaha, kisha ofisini. Maombi ya likizo, ripoti, kesi ya askari aliyechelewa kurudi kambini. Watu wakisikia afisa wanadhani ni bunduki kutwa nzima kumbe ni makaratasi.

Saa 5 naenda kufuatilia barua yangu. Timu inasafiri kwa mechi za Novemba na mpaka leo sina ruhusa. Kwenye raga kuna kanuni ya 9 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inailazimisha klabu imwachie mchezaji akiitwa timu ya taifa kipindi cha mechi za kimataifa, sasa jeshi si klabu, kanuni hiyo haimfungi mkuu wa kikosi hata kidogo. Kwa hiyo barua inatoka chama cha raga, inapanda ngazi moja moja, kila ngazi inalala kwenye trei ya mtu, na kukiwa na zoezi la kijeshi wiki ileile basi jibu unalijua kabla hujafungua bahasha. Kuna ziara moja niliikosa hivyohivyo, barua inarudi na sahihi zote wenzangu wameshacheza mechi 2. Leo karani kaniambia "iko mezani, afande". Wiki ya 2 sasa iko mezani.

Saa 7 nakula sahani mbili, nalala dakika 20 kwenye kiti mlango umefungwa, msiniripoti.

Saa 10 jioni mazoezi ya taifa, na mambo yanageuka kwa sababu kapteni wa timu ni koplo wangu. Ndiyo, yuleyule aliyenipigia saluti asubuhi. Yeye ni huka, kwenye skramu anakaa katikati yangu na propu mwingine, mikono yake imepita juu ya mabega yetu kashika jezi, masikio yanasuguana. Ikisemwa krauchi, baindi, seti (chuchumaa, shikana, ingia), tunagongana 8 kwa 8, na mgongo wangu ukipinda kidogo tu yeye ndo anabanwa shingo. Leo nimeporomosha skramu mara 2, akanifokea mbele ya kila mtu, "Namba 1 inua kifua, unacheza au umelala!" Nikanyamaza. Alikuwa sahihi, na hata angekosea ningenyamaza, pale kapteni ni yeye.

Saa 1 usiku nampa lifti kurudi kambini, na kabla hata hatujafunga mikanda ameshageuka koplo tena, sauti imeshuka kabisa.

"Afande, kesho naomba nichelewe gwaride, fizio anataka kuliangalia goti."

Nikamwambia aandike barua, aipitishe kwa sajenti.