Siku moja maishani mwangu: gegedu la goti la paka, kutoka asidini hadi kwenye hadubini

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu ni kutengeneza slaidi za gegedu, yaani tishu nyumbufu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Njoro, Kenya, ina baridi, na baridi huipunguzia asidi kasi, kwa hiyo naanza kwa kupima mifupa iliyolowekwa. Vipande vya goti vyenye unene wa milimita 3 hadi 5 vilikaa kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi tishu, kwa saa 48. Sasa vimo katika asidi ya fomiki, inayoondoa kalsiamu ili mfupa uweze kukatwa. Nachota mililita 5 za asidi hiyo, naiondolea uasidi kwa amonia, kisha naongeza amoniamu oksaleti. Ukungu mweupe ukitokea, kalsiamu bado inatoka: badilisha asidi, upime tena kesho. Usiudunge mfupa sindano kupima ulaini wake, maana tundu lake utaliona kwenye slaidi. Na usiweke paka mchanga na paka mzima mtungi mmoja. Mfupa wa mchanga hulainika mapema, na ukizidi kukaa humo viini vya seli hukataa rangi.

Saa tatu. Vilivyo tayari huoshwa, hupitishwa kwenye alkoholi kuanzia asilimia 70 hadi 100, kisha zailini, kiyeyusho kinachoondoa alkoholi, na nta ya nyuzi 60.

Saa nne. Kukata bloku za jana, yaani vipande vilivyogandishwa ndani ya nta, kwa unene wa mikromita 5 (elfu tano za mita milioni moja ni milimita 5; hapa ni sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita), baada ya kuzilaza kwenye barafu. Mfupa ukipasuka, ama kalsiamu imebaki ama nta haikupenya. Wembe upite wima kwa uso wa kiungo; ukipita mshazari, gegedu huonekana nene kuliko lilivyo. Slaidi ziwe zimepakwa poli-L-laisini ya kushikilia tishu, la sivyo gegedu litang'oka wakati wa rangi.

Saa saba mchana. Kupaka rangi: hematoksilini ya Weigert (viini vyeusi) dakika 10, maji, fasti grini (mfupa wa kijani) dakika 5, asidi asetiki ya asilimia 1 kwa sekunde 10 hadi 15, safranini O (gegedu jekundu) dakika 5. Hapo usizembee: alkoholi huichuja safranini, kwa hiyo pitisha upesi.

Saa tisa. Hadubini, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwa paka mzima, seli za juu ni bapa, zimelala sambamba na uso, na wekundu hapo ni hafifu. Katikati zina umbo la duara, zimetawanyika. Chini zimejipanga safu wima, kisha unaona mstari mwembamba unaotenga gegedu laini na lile lenye kalsiamu, halafu mfupa wa kijani. Ndani ya gegedu hakuna mshipa wa damu hata mmoja.

Paka mchanga ni habari nyingine. Gegedu ni nene, seli zimesongamana, mstari ule haujatokea, na ndani mna mifereji yenye mishipa ya damu inayolisha ncha ya mfupa inayokua. Asiyezoea huiita mifereji hiyo ugonjwa. Kwa mzima, kosa lililo karibu zaidi ni kuona wekundu umefifia na kuandika kwamba kiungo kimechakaa, kumbe asidi ndiyo iliyouondoa. Ndiyo maana kila kundi la slaidi lazima liwe na goti lisilo na ugonjwa, la umri uleule, lililopitia mitungi ileile. Uso ukiwa laini na seli hazijakusanyika vishada, mimi hulaumu asidi kwanza.

Saa kumi na moja. Ripoti. Naandika umri kwa miezi, kwa sababu bamba la ukuaji (tabaka la gegedu linalorefusha mfupa) la ncha ya chini ya mfupa wa paja la paka hufunga kati ya miezi 13 na 19. Paka wa mwaka mmoja, hata awe mkubwa vipi, hulinganishwa na wanaokua.