Kumbukumbu ya mradi: filamu fupi ya wauzaji wa mashine za salfa, Mtwara

Hali ilivyo: mswada umefungwa kwenye kurasa 24, sini zote za chumbani zimepigwa, na mkato wa kwanza unakwenda dakika 23. Bado sini ya barazani kwa mzee mkulima na kazi ya mwisho ya sauti.

Kisa ni chembamba, na kimeachwa hivyo makusudi. Wauzaji wanne wamepanga gesti moja Mtwara mjini mwezi wa tano, wakitembeza mashine za kupulizia salfa, dawa ya unga ya mikorosho, Newala na Tandahimba. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unakaribia na mkulima anaihitaji mashine, lakini hela yake itakuja baada ya minada, kuanzia Oktoba, tena kupitia chama cha msingi na benki. Bosi anatuma ujumbe: asiyefikisha lengo arudi Dar kwa nauli yake, na anayetaka kufikisha awaandikishe wakulima walipe kwa korosho ambazo bado ziko mtini. Hiyo ni kangomba, yaani kuchukua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi, imepigwa marufuku, na wote wanne wanajua. Kinachobaki ni usiku mmoja wa kuzungumza.

Kwenye mswada, hotuba zote kuhusu uaminifu zimekatwa. Muuzaji hatangazi msimamo wake. Anauza tu, hata kwa wenzake. Kila mstari hupimwa kwa swali moja: huyu anataka apewe nini sasa hivi? Ukikosa jibu, mstari unatoka hata kama unachekesha. Sini ya mzee ndiyo iliyonufaika zaidi na kipimo hicho. Muuzaji anaamkia "shikamoo" huku macho yako kwenye kitabu cha risiti, kisha:

– Mfuko huu mmoja wa salfa, mzee wangu, ekari zako nane zote.
– Mikorosho yangu imepandwa mita kumi na mbili kwa kumi na mbili. Ekari ina miti mingapi?
– Inategemea.
– Haitegemei. Ishirini na nane. Kila mti robo kilo. Nipigie hesabu.

Hesabu ni kilo 7 kwa ekari, kilo 56 kwa ekari nane, na huo ni mzunguko mmoja tu wa kupuliza. Mfuko wa kilo 25 hauvuki ekari tatu na nusu. Hakuna aliyetamka neno "mwongo", na halihitajiki. Vipimo vya nafasi na kiasi cha salfa ni vile wakulima wanavyoshauriwa. Ukivikosea, mtazamaji wa Masasi atacheka mahali pasipostahili kicheko, kwa hiyo mswada wowote wa korosho usomwe na mkulima kabla ya mwigizaji.

Sauti ndiyo imekula bajeti, na ni haki yake. Chumba cha gesti kina kuta za saruji na sakafu ya vigae, na maneno yanarudi kama kisimani. Dawa yake ni magodoro mawili yaliyosimamishwa nje ya fremu, blanketi sakafuni, na bumu, maiki ya kwenye fimbo, sentimita 50 hadi 60 juu ya mdomo. Feni lazima izimwe. Ikizimwa, waigizaji wanatoka jasho, na jasho huachisha plasta ya maiki ya kifuani, ndipo mkwaruzo wa shati unaingia katikati ya neno. Tumia shati la pamba, si nailoni, na badilisha plasta kila sini. Friji ya mapokezi nayo huzimwa. Ufunguo wa gari uwekwe ndani yake, hakuna atakayeondoka bila kuiwasha tena. Ratiba hupangwa kuzunguka adhana, kwani ikiangukia katikati ya shoti mkato wowote utaonekana. Kabla ya kufungasha, rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wote wakiwa ndani.

Ugumu wenyewe ni kukatizana. Wauzaji hawasubiriani zamu. Ukipiga sura moja moja na sauti zikapandana, mhariri hawezi kukata popote, maana neno la yule asiyeonekana limeganda kwenye maiki ya anayeonekana. Kuna njia mbili. Ama kila mmoja aachiwe nafasi safi na kukatizana kujengwe kwenye uhariri, ama kamera mbili ziwapige wazungumzaji wote wawili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni rahisi, ila waigizaji wanapoa. Hapa kamera mbili zimetumika, zote upande mmoja wa mstari wa macho unaowaunganisha wazungumzaji, na kofi moja mbele yao mwanzo wa kila shoti ili kulinganisha sauti na picha.

Mwanga hauna mengi. Dirisha limezibwa kwa nailoni nyeusi, taa ya LED imewekwa nyuma ya pazia. Kamera iko kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na balbu za bei rahisi hupepesa ukitoka hapo.

Kwenye uhariri, dakika 3 zinatakiwa zitoke. Zitatoka kwenye majibu. Swali la "wewe umeandikisha wangapi?" linakatwa likiwa kwenye uso wa aliyeulizwa, na jibu lake linaondolewa kabisa. Baada ya sini ya barazani kupigwa, nakala inapelekwa Bodi ya Filamu kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani.