Upande wa Nyuma

Maonyesho yale hayakuwamo kwenye ratiba ya makumbusho yetu madogo. Tulikuwa tumeomba kuazima michoro ya karatasi kutoka makumbusho makubwa, nao kabla ya kukubali wakataka taarifa ya jengo letu: milango inafungwaje, nani analinda usiku, vitambuzi vya moshi viko wapi, na zaidi ya yote rekodi ya unyevu wa hewa ukumbini, saa 24, usiku na mchana. Wenye mali hupenda kuona mstari wa unyevu umelala mahali fulani kati ya asilimia 40 na 60, bila kurukaruka. Wetu ulipanda na kushuka kila hali ya hewa ilipogeuka. Wakatujibu kwa adabu kwamba haitawezekana. Sikuwalaumu. Karatasi hutanuka na kusinyaa kufuata hewa, na mwenye kuazima asiyeidhibiti hewa yake atarudisha mchoro wenye mawimbi.

Tukabaki na ukumbi mtupu huku tarehe 18 Mei ikikaribia. Hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ambayo ICOM, baraza la makumbusho la kimataifa, imekuwa ikiiadhimisha tangu 1977, na kwa makumbusho madogo ni siku ambayo hata wasiopita mlangoni mwaka mzima hujitokeza. Mkurugenzi wetu akaja na wazo: tuwaombe wakazi, kila mmoja alete kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mikono katika familia yake, tukionyeshe. Mjumbe mmoja wa kamati akanung'unika kwamba tunageuza jumba la sanaa kuwa gulio. Mimi nilikuwa msajili, yaani ninayeandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, na nilikubali kwa sharti moja tu. Kila kitakacholetwa kipitie hatua zile zile ambazo mchoro wa Dürer, yule mchoraji maarufu wa Ujerumani wa kale, ungepitia. Hakuna cha njia ya mkato eti kwa sababu mwenyewe ni jirani.

Vitu vikaja. Vinyago, picha za rangi za mafuta zilizonakiliwa kutoka kalenda, kiti kilichochongwa na babu wa mtu, meli ya njiti za kiberiti ambayo mwenyewe alikataa kuikabidhi mpaka aone kabati itakamowekwa. Vingi sivikumbuki tena vizuri. Kinachonikaa akilini ni kitambaa.

Alikileta mama mmoja wa makamo ya kupita sitini, kimefungwa ndani ya foronya. Marehemu mama yake alikuwa amekidarizi: ndege wawili, matawi, maua yaliyojaa mpaka pembeni. Kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwake miaka na miaka, mkabala na dirisha. Rangi zilikuwa zimepoa, kijivu kingi na manjano hafifu, lakini mishono ilikuwa ya mtu aliyejua sindano. Nikakilaza mezani juu ya karatasi isiyo na asidi, nikachukua penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na kitu chochote cha makusanyo, kwa sababu inayoeleweka), nikaanza kuandika ripoti ya hali. Pindo la kushoto limefumuka. Tundu dogo karibu na mkia wa ndege. Doa la kahawia, kona ya chini. Mkunjo wa kudumu katikati.

Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mbona unaandika makovu yake tu? Uzuri wake utauandika lini?"

"Uzuri utaandikwa kwenye lebo, Mama. Makovu nayaandika ili kikirudi kwako na kovu jipya, sote tujue ni la kwetu."

Jibu hilo lilimpendeza, nadhani, maana alivuta kiti akaanza kunionyesha makovu niliyoyapita. Lilikuwapo tundu jingine ambalo nisingeliona.

Kilichofuata hakikumpendeza hata kidogo. Nikamweleza kwamba kitambaa hakiwezi kuingia ukumbini moja kwa moja, lazima kwanza kikae kwenye friza. Akadhani sikusikia vizuri nilichosema mwenyewe. Nikarudia. Vitambaa vya zamani hubeba mayai ya nondo na ya wadudu wengine wanaotafuna sufu na hariri, na mayai hayo ni madogo mno, si rahisi kuyaona kwa macho. Tukiingiza kitambaa kimoja chenye mayai, tumeyaingiza kwenye vyote. Dawa za sumu zinaweza kuharibu nyuzi na kumdhuru anayevishika, kwa hiyo makumbusho mengi hutumia baridi: kitambaa hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, kikalala wiki 2 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kikitolewa, hakifunguliwi siku nzima, ili umande utue juu ya plastiki na si juu ya nyuzi.

"Kitambaa cha mama yangu si nyama," alisema. Lakini alisaini hati ya kuazima, akaomba aje siku kitakapotolewa.

Akaja. Na hiyo ndiyo siku ninayotaka kuisimulia hasa, kwa sababu ndiyo siku tuliyogombana.

Nilikuwa nimeshamwekea kabati la kioo katika chumba cha ndani, taa zimepunguzwa hadi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), kiwango cha kawaida kwa nguo na karatasi. Akaingia, akasimama, akauliza umeme umepungua? Nikamwambia hapana, ndivyo inavyotakiwa. Akasema kwa ukali kwamba hakuleta kazi ya mama yake ifichwe gizani, kwamba nyumbani kwake watu wote waliiona, na kwamba kama makumbusho maana yake ni kuja kutoona basi atairudisha foronyani. Alikuwa na haki zaidi kuliko nilivyotaka kukiri. Ofisi ya kawaida ina lux 500 hivi. Lux 50 ni sehemu moja ya kumi ya hapo. Tena jicho la mtu wa miaka sitini hupokea ndani yake karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa ishirini. Kiwango kile kilimtosha mlinzi wetu aliyekuwa kijana. Kwa mwenye kitambaa kilikuwa giza kweli.

Sikumbishia kwa maneno. Nikavaa glavu, nikakigeuza kitambaa kifudifudi.

Upande wa nyuma ulikuwa na fundo na nyuzi zilizokatiza, kama ilivyo kwa kazi yoyote ya sindano, ila rangi zilikuwa hai. Maua tuliyodhani ni kijivu yalikuwa mekundu. Mabawa ya ndege yalikuwa zambarau. Mwanga haukuwahi kufika huko, kwa kuwa miaka yote upande ule ulikuwa umeelekea ukuta. Yule mama akainama mpaka nikaogopa pumzi yake itakigusa. Akaweka kidole hewani juu ya ua moja, bila kuligusa, akasema, "Hili lilikuwa jekundu. Nilisahau kwamba lilikuwa jekundu."

Ndipo nikamweleza hesabu, naye akaifuata kuliko wajumbe wa kamati wanavyoifuata. Madhara ya mwanga hujilimbikiza. Lux 50 mara saa 8 ni 400 kwa siku. Jua la moja kwa moja hufikia lux 100,000, hivyo saa moja tu ya jua hilo dirishani ni sawa na siku 250 za ukumbi wetu, na bado sijatia miali ya urujuanimno ambayo sisi tuliichuja. Rangi ikishakwenda hairudi, na hakuna fundi wa kuirudisha. Nikamwambia pia kuhusu mazulia ya ukutani ya Ulaya ya karne za zamani, ambayo misitu yake leo ni ya buluu: kijani chake kilitengenezwa kwa manjano juu ya buluu, manjano ikapauka, miti ikabaki buluu. Akacheka. Akasema mama yake angechukia miti ya buluu.

Sasa yeye ndiye aliyetaka nyuma ionekane. Mkurugenzi akasita, na sababu yake ilikuwa nzuri: upande ule ndio pekee uliobaki na rangi, tukiufunua tutaanza kuutumia nao. Tulijadiliana mpaka jioni. Mwishowe tukakilaza juu ya bamba la akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, chini yake tukaweka kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa kidogo, na juu ya kabati tukashona pazia jeusi ambalo mgeni angelifunua mwenyewe na kuliachia. Kwa njia hiyo kitambaa kilipata mwanga kwa dakika chache tu kila kilipotazamwa. Kuhusu macho, tuliongeza taa hafifu kwenye ukumbi wa kupitia ili watu wasitoke juani wakaingia gizani ghafla, na tukachapa lebo kwa herufi kubwa. Hilo la lebo tungepaswa kulifanya zamani. Makumbusho huandika lebo kana kwamba wageni wote wana miaka 20.

Tarehe 18 Mei ilipofika, mama yule alikuja asubuhi, akajiweka karibu na kabati lake, na hakuondoka. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Kila aliyefunua pazia alimwambia atazame juu kwanza, kisha kiooni, kisha amwambie ni ua gani limepauka zaidi. Watoto walipanga foleni. Mlinzi alinijia na kuniuliza kama tumwombe asishike pazia muda mrefu, nikamjibu aende yeye amwambie. Hakwenda. Mjumbe wa gulio nilimwona mara mbili kwenye ile foleni.

Agosti 2022 huko Prague, ICOM ilipopitisha maana mpya ya makumbusho inayotaja ushiriki wa jamii, wenzangu walinitumia habari hiyo kwa furaha. Mimi nilifikiria tundu lile la pili ambalo sikuliona.

Maonyesho yalipoisha alikuja kuchukua mali yake. Nilitoa ripoti, naye akatoa nakala yake kutoka mkobani, tukapitia mstari kwa mstari, yeye akisoma, mimi nikikagua. Pindo, tundu, tundu la pili, mkunjo. Hapakuwa na kovu jipya. Akasaini, akasema nyumbani kitakaa kwenye korido isiyo na dirisha. Kisha akauliza kile kioo cha chini tunakiuza bei gani.