Hakunilazimisha nimtazame

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa na sharti moja: "Niangalie ninapoongea na wewe, mama." Nikamwangalia. Dakika 45 nilikuwa nahesabu anavyopepesa macho, na nikitoka pale sikumbuki hata neno moja. Kwenye faili akaandika kwamba sitoi ushirikiano.

Nashona nguo Majengo, hapa Dodoma. Miaka yote nilijua nina sonona tu, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Vidonge vilinisaidia kulala, sikatai, lakini kila baada ya miezi michache nilikuwa nazima: siongei, sipokei simu, nalala chini ya meza ya kukatia vitambaa mpaka spika ya duka la jirani inyamaze. Mama yangu alisema ni kiburi. Mtaani walisema nipelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kana kwamba hospitali ni tusi.

Nilijijua kupitia mwanangu. Kliniki, muuguzi aliniuliza maswali ya usonji, yaani ile hali ya kuzaliwa nayo ambayo ubongo hupokea watu, sauti na mguso kwa namna yake. Anakataa nguo zinazomkwaruza? Anaziba masikio? Nikajibu ndiyo, ndiyo, kisha nikajikuta nasema, "Hata mimi, dada." Hakucheka. Baadaye nikasoma kwamba mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliingiza mambo hayo ya sauti na mguso kwenye vigezo vya usonji mwaka 2013. Mimi mwaka huo nilikuwa naitwa mdekaji.

Mshauri wa sasa, siku ya kwanza, alizima taa ya tyubu iliyokuwa inavuma, akaniuliza nataka kukaa wapi. Nilikaa ubavuni kwake, sote tukitazama dirishani, mkononi nina kipande cha kitenge. Maneno yakinikwama namwandikia kwenye simu. Usonji hatuutibu, tunatibu sonona, na vidonge bado nameza. Ila alinipa daftari, niandike ninazima baada ya nini. Wiki 6 zikatosha. Kumbe huzuni haitangulii. Yanatangulia makelele: wateja watatu kwa mpigo, gari la matangazo, upepo unaopiga bati kutwa nzima.

Nimehamishia cherehani chumba cha nyuma. Wateja napokea kabla ya saa nne, na maelezo ya mshono wanaandika kwenye karatasi. Wawili wamehama, wanasema najisikia. Waende.

Mama neno usonji bado halimwingii. Lakini siku hizi akinikuta nimezima, anafunika ugali na mlenda, anauweka mlangoni, anakwenda zake bila kupiga hodi.