Maji ya Vuli ya Bi Mkubwa

Kwa miaka miwili niliamini kwamba ile chupa ya nne ya kusafishia filamu ni ujanja wa wauza dawa. Tatu za mwanzo nilizielewa: dawa ya kutoa picha, siki ya kuizuia isiendelee kuiva, na hypo ya kuifanya filamu isiogope mwanga tena. Ya nne Ami, mpiga picha aliyenifundisha kazi, aliiita dawa ya kulowesha. Hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Filamu imeshinda majini karibu saa nzima, unailowesha nini tena? Kibandiko kilisema Photo-Flo 200, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 200 za maji. Nilikuwa na miaka 19, na nikaona kitu kinachotiwa kidogo namna hiyo, hata kisipotiwa hakuna atakayejua.

Aliyejua ni nahodha mmoja wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja.

Ilikuwa Februari 1997. Jahazi lake lilikuwa limekaa pwani mikononi mwa mafundi mwaka na zaidi, na siku ya kulishua ikapangwa kwa bamvua, kwani chombo kizito kile hakiondoki mchangani mpaka bahari ipande kukifuata. Picha alimwomba Ami. Ami macho yalikwisha kuingia ukungu, akanitoa mimi. Nikapanda gari la shamba na kamera yake shingoni na filamu moja ya HP5, picha 36. Ya pili sikuwa na pesa za kuinunua.

Nilifika wanaume wakiwa bado wanapaka deheni tumboni mwa jahazi, chokaa na shahamu, mikono myeupe mpaka viwikoni. Ilisomwa dua, ukafukizwa ubani, kisha watu wakashika kamba. Jahazi linalosukumwa juu ya magogo linalia, na mlio ule sijausikia tena popote. Kila waliposhusha pumzi nilibonyeza. Jua la kaskazi lilikuwa kali, mbingu tupu hata wingu la kusingizia halikuwepo. Omo lilipogusa maji, nikabonyeza picha ya 22, na nilijua palepale kwamba hiyo ndiyo.

Nilisafisha usiku ule ule nyumbani, mjini, katika bafu letu. Maji ya mfereji mwezi huo yalikuwa digrii 28 au 29, na dawa inataka 20, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kumgongea jirani muuza barafu. Barafu haitiwi ndani ya dawa. Ilikaa ndani ya beseni, na chupa zikakaa ndani ya barafu. Filamu niliivingirisha gizani, shuka limezibwa chini ya mlango, nikaitia ndani ya tangi. Dawa ya kutoa picha, ID-11, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, mililita 300, dakika 13, napindua tangi kila dakika kama nilivyofundishwa. Siki. Hypo. Kisha maji: kujaza, kupindua mara 5, kumwaga, kujaza, mara 10, kumwaga, kujaza, mara 20, kumwaga. Nilipoitoa na kuinyanyua kwenye taa, mambo yote yalikuwemo. Jahazi jeusi lililokuwa jeupe, watu weupe waliokuwa weusi. Nilicheka peke yangu bafuni.

Chupa ya nne ilikuwa dirishani inaniangalia. Nikaiacha. Nikaitundika filamu kwa kibanio, kibanio kingine chini kuivuta, nikaenda kulala.

Asubuhi ilikuwa imekauka, na mimi sikuitazama vizuri, nalikiri hilo. Nilichapa picha sita nikampelekea nahodha barazani kwa ndugu yake hapo mjini. Alizipokea kwa mikono miwili. Akazitazama moja moja, akarudi ya kwanza, akaisogeza karibu na uso.

"Mwanangu, kwani siku ile ilinyesha?"

"Haikunyesha, Nahodha."

"Basi hii nini?"

Angani, juu ya mlingoti, kulikuwa na madoa. Meupe, ya mviringo, mengine na ukingo kama alama ya kikombe mezani. Kwenye mbao za jahazi na nguo za watu hayakuonekana, yalijificha katika machafuko ya picha. Lakini mbingu tupu ni kama kanzu mpya, haifichi kitu. Nahodha hakunigombeza. Alizirudisha ndani ya bahasha, akanipa, akaendelea kunywa kahawa. Ningependelea anigombeze.

Nilikimbia nyumbani, na hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Niliirudisha filamu kwenye gurudumu lake la plastiki, nikaitia majini, na safari hii nikaikumbuka ile chupa. Kwa kuwa nilikuwa nimeinyima, nikaona niifidie: nikamimina kizibo kizima. Likafura povu hadi kwenye shingo ya tangi. Filamu ilikauka ikiwa na michirizi ya utelezi kama vidole vya mla pilau. (Lile gurudumu nalo lilibaki na ile dawa kwenye njia zake. Filamu niliyojaribu kuvingirisha wiki ya pili yake ilikwama njiani, gizani, nikajua kwa nini Ami hakuwa akiruhusu dawa hiyo iguse plastiki.)

Basi nikaenda kwa Ami. Hakusema kitu. Aliiinamisha filamu mbele ya taa, akaipindua, tena, upande unaong'aa na upande usiong'aa. "Mengi yako mgongoni," alisema. "Una bahati." Kisha akatoka uani, akarudi na jani la jimbi. Akalidondoshea maji kwa vidole. Maji yakajikusanya vidonge vidonge, yanang'aa, yanakimbia huku na huku kama yanaogopa jani.

"Jani hili limelowa?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema siyo.

Akachovya njiti ya kiberiti katika dawa, akagusa kidonge kimoja. Kililala. Hivyo tu: kilitandaka juu ya jani, kikawa utando, kikateremka chote kwa pamoja.

Akaniuliza birika la mama yangu likoje ndani. Nikamwambia lina ukoko mweupe. Maji yetu ya Unguja yanapita katika mawe ya matumbawe, yanakuja na chokaa yake. Tone likibaki peke yake juu ya filamu, alisema, linakauka polepole, na chokaa yote iliyokuwemo inakusanyika mahali pamoja. Maji yanaondoka, chokaa inabaki. Doa linazuia mwanga wa mashine ya kukuzia, na karatasini panabaki peupe. Kazi ya dawa ile ni kuyakataza maji yasijikunje kuwa matone. Ikizidi, yenyewe ndiyo inayobaki kuwa uchafu. Nilikumbuka mikono ya mafundi wa Nungwi: jahazi nzima imesiribwa chokaa makusudi, na mimi chokaa ya tone moja imenitia aibu.

"Sasa tunataka maji yasiyo na mawe," Ami akasema, akainua sauti kuelekea jikoni. "Bi Mkubwa!"

Hapa ndipo penye gharama. Mkewe Ami alikuwa na kasiki la maji ya mvua, yaliyokingwa vuli iliyopita, limefunikwa kwa kitambaa na sinia. Maji hayo hayakuwa ya kunywa wala ya kupikia. Yalikuwa ya kufulia kanzu za Ijumaa, kwa sababu ndani yake sabuni hutoa povu upesi na nguo haifanyi ugumu. Masika hayajaingia. Bi Mkubwa alinitazama mimi, akaitazama filamu, akauliza kanzu ni ngapi na miviringo hiyo ya plastiki ni ya nani. Hatimaye akatoa ndoo moja, na kata akaishika mwenyewe.

Ami aliyachuja maji kwa kitambaa cha pamba mara mbili. Kwanza filamu ikalala katika beseni lenye maji na siki kidogo, iing'oe chokaa. Kisha maji matupu, nusu saa, tukibadilisha. Mwisho lita moja katika bakuli safi na mililita tano za dawa, alizopima kwa bomba la sindano, si kwa kizibo. Alikoroga taratibu povu lisipande. Mimi nikaipitisha filamu, nje ya gurudumu, nimeishika ncha mbili, inapanda na kushuka kama mtu anayepepeta, kwa dakika moja. Nikataka kuifuta kwa vidole. Akanipiga mkononi. "Chembe moja ya mchanga ukucheni, utachora mstari kutoka Nungwi mpaka Makunduchi."

Tuliitundika bafuni kwake, baada ya kumwaga maji ya moto sakafuni mvuke uliangushe vumbi. Nilikaa nje ya mlango. Nilipochungulia, maji yalikuwa yanashuka katika filamu yote kwa pamoja kama pazia, bila tone hata moja kusimama, mpaka yakaishia kwenye kibanio cha chini.

Madoa yaliondoka karibu yote. Matatu yalikuwa upande wa picha, yamekwisha kuingia ndani ya utando wake, na yote matatu, kwa kunikomoa, yalikuwa kwenye picha ya 22. Ami aliyaziba karatasini kwa brashi ya nywele chache na wino uliochovywa na kupunguzwa, anapumua kwa pua. La kwanza likapotea, la pili likapotea. La tatu, juu kidogo ya mlingoti, macho yakamchoka. Akaweka brashi chini, akasema basi.

Nahodha aliipokea picha ile safari hii na miwani. Aliitazama muda mrefu. Akaweka kidole juu ya mlingoti.

"Na huyu?"

Nikamwambia ni shakwe.