Siku niliyoikata yasmini ya Bibi

Bibi yangu alikuwa na yasmini moja tu, na aliipanda ndani ya nyumba. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, hazina bustani. Ukifungua mlango unakutana na kichochoro, na punda akipita na mchanga inakubidi urudi dakani, kibaraza cha mlangoni. Kwa hiyo mti ulikaa kiwandani, yaani ua wa ndani usio na paa, kando ya birika la kuwekea maji, katika jungu la udongo lililomeguka mdomo. Kuta zetu zilipanda ghorofa mbili, na jua lilifika chini saa tano, likaondoka saa nane. Mti ukaufuata mwanga. Chini ulibaki vijiti vitupu vya kahawia, majani yote yakakimbilia juu, na maua tukayachuma kwa ngazi.

Mwisho wa Machi 2001, Bibi alipelekwa Mombasa kutolewa mtoto wa jicho la kulia. Nilikuwa na miaka 14. Kabla ya kuteremka gatini kupanda mashua ya kwenda Mokowe, upande wa bara, aliniita kiwandani. "Uutie mayi ya mvua," akaniambia, "ya kisima yana munyu." Kweli, maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, yaliunguza kingo za majani, yakawa kama yamepitishwa motoni. Nikambusu mkono, nikaahidi.

Alikaa huko wiki mbili na siku kadhaa. Nikautia mti maji ya mvua kila ulipohitaji, na kila siku nikauona vibaya zaidi: umerefuka, umelegea, umejiegemeza ukutani. Nilikuwa nimewaona watunza bustani kule kijiji cha Shela wakikata ua wa mimea kwa makasi makubwa, juu pakawa sawa kama meza. Nikasema nitamfurahisha Bibi. Siku moja baada ya adhuhuri nikachukua mkasi wake wa kushonea, nikapanda ngazi, nikakata pande zote, usawa mmoja, bila kutazama ninachokikata.

Mkasi ule haukuwa wa miti. Ulitafuna. Vijiti vilivyokomaa vilipasuka nyuzinyuzi badala ya kukatika, nikavizungusha hadi vikang'oka. Niliposhuka, sakafu ilikuwa imejaa majani, na katikati ya majani matumba meupe, mengi, madogo kama punje za mchele. Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaitazama sakafu. "Subhanallah," akasema. "Na Maulidi hayo yanakuja."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kila Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, Maulidi ya msikiti wa Riyadha yakikaribia, Bibi alitengeneza vikuba, vishada vidogo vya kunukia vya kubandika kifuani, kwa wanawake wa nyumba nzima: yasmini, mrihani, na vipande vya mkadi. Mrihani na mkadi aliletewa. Yasmini ilikuwa yake.

Alirudi siku ya nne baada ya hapo. Jicho lilikuwa limefunikwa kwa pamba na plasta, na lile la kushoto halikuwa likiona sana. Nilitaka kumwambia kabla hajafika kiwandani, lakini maneno hayakutoka. Akaketi kwenye kiti chake cha chini, akanyoosha mkono kama alivyozoea, na mkono ukakuta vigutu.

Hakupaza sauti. Ningependa kusema nilifarijika, lakini kimya kile kilinichoma kuliko kelele. Aliendelea kupapasa kijiti kimoja baada ya kingine, kisha akauliza, "Umekata kwa nini?" Nikamwambia kwa mkasi wa kushonea. "Basi ndoo," akasema, yaani njoo. "Niletee kisu kidogo na mayi ya moto."

Kisu kilipochovywa na kufutwa akanikamata kidole cha shahada, akakiweka kwenye tawi na kukishusha polepole. "Sikia hapo." Nilihisi uvimbe mdogo, kama kiungo cha kidole, ambapo majani mawili yalikuwa yametazamana. Akakisogeza hadi kwenye pembe kati ya jani na tawi. Kulikuwa na kitu kidogo mno, kigumu, chenye ncha. "Hilo ni ito," akasema, yaani jicho. "Kila kifundo kina mato mawili. Wewe umekata katikati ya pingili, mti utapita ndia gani?"

Alinionyesha kigutu nilichokiacha siku nne zilizopita. Juu ya kifundo kilikuwa kimeanza kukauka, cheusi, na weusi unashuka. Akanifanya nikate upya, juu kidogo ya kifundo, kwa mshazari, maji yasituame kwenye jeraha. Ukikata mbali, kigutu kinaoza. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe linakufa. Tulifanya hivyo tawi kwa tawi hadi adhana ya alasiri. Yeye alitafuta kifundo kwa kidole, mimi nilikata. Ya kukauka tuliyatoa kutoka chini kabisa. Mawili yaliyosuguana tukaondoa lililo dhaifu. Lakini matawi manne marefu yenye majani alikataa kabisa yasiguswe. Mti uliokwisha kupoteza vile, alisema, ukiuvua majani yote hauna cha kulia.

Miaka baadaye nilisoma kwa nini mambo huenda hivyo. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo ikishuka huyazuia macho ya pembeni yasiamke. Kata ncha, kizuizi kinaondoka, na macho mawili ya kifundo kilicho chini huchipua pamoja. Yasmini yetu ya pwani nayo huchanua kwenye machipukizi mapya, ndiyo maana mti wa Bibi, kwa marefu yake yote, ulikuwa ukitoa maua juu tu, ulikokuwa ukikua. Kuukata lilikuwa jambo la haki. Nilikosea mahali pa kukata, chombo, na wakati, kwa sababu matumba yalikuwa tayari.

Kutoka kwenye matawi tuliyoyakata siku hiyo Bibi aliokota vijiti sita visivyokuwa laini mno wala vigumu mno, kila kimoja vifundo vitatu. Akatoa majani ya chini, akavichomeka kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa, mchanga na samadi kuukuu ya punda, akaviweka kivulini chini ya ngazi. Vinne vilishika. Mjukuu wa kimoja kati ya hivyo ninao leo kwenye baraza yangu, na kila maua makubwa yakiisha naukata kwa kisu kilichopitishwa maji ya moto.

Jungu tulilivuta hatua tatu kuelekea ukuta wa mashariki, ambako jua lilikawia zaidi. Maji akanipunguzia: mti usio na majani haunywi sana. Kisha masika yakaingia na kusi ikaanza, na nikawa naamka alfajiri kwenda kupapasa. Siku ya kumi au ya kumi na moja lile jicho gumu lilikuwa limelainika. Baada ya wiki moja yalikuwa majani mawili, yamekunjana, mekundumekundu, nayo yametoka chini, kwenye vijiti nilivyovijua vitupu tangu utotoni. Nilimwita Bibi. Plasta ilikuwa imeshatolewa. Akainama, akasema tu, "Haya, yamefumbuka."

Mfungo Sita uliandama mwezi wa Mei. Maulidi ya Riyadha yalipofika, katika Juni, matumba ya kuchuma yalikuwa 11. Niliyahesabu mara mbili. Bibi aliyachuma mwenyewe baada ya alasiri, yakiwa yamevimba na bado yamefunga, bila ngazi, ameketi kwenye kiti chake. Moja alilisogeza hadi kwenye jicho lake la kulia, akalitazama kwa muda mrefu, akaligeuza, akalitazama tena. Manane yakaingia kwenye kikuba kimoja, akakibandika kifuani kwa Shangazi. Matatu akanitia mimi kwenye mfuko wa kanzu.

Nilipofika Riyadha isha ilikuwa imeshasaliwa na matari yameanza. Nilibanwa kati ya watu, mkono juu ya mfuko, na harufu ikaanza kupanda.