Bati la banda la gari huanza kuoza kwa chini

Banda letu la kwanza la gari hapa Kigamboni tuliliezeka kwa mabati yaliyobaki tulipomaliza nyumba, kwa hesabu rahisi kwamba bati linalofaa kuwafunika watoto usiku haliwezi kushindwa kufunika gari. Mwaka wa nne likaanza kuvuja. Nilipopanda ngazi kulitazama, uso wa juu ulikuwa bado unang'aa, nikadhani tatizo ni misumari. Kisha nikapitisha kiganja upande wa chini, kikatoka na unga mweupe uliochanganyika na kutu, na kipande kilichokuwa kando ya papi, ule ubao unaobeba bati, kikameguka mkononi kama biskuti iliyolowa. Nyumba yenyewe, iliyoezekwa kwa bati la aina hiyohiyo na katika wiki hiyohiyo, haikuwa na tundu hata moja.

Fundi aliyekuja kulibomoa alinieleza sababu kwa sentensi moja. "Dada, huko juu mvua inaliosha; huku chini nani analiosha?"

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba paa la banda la gari, au la baraza lililo wazi, lina shida zake ambazo paa la nyumba halina. Bati la nyumba lina kuta na dari, kwa hiyo upepo haulifikii kwa ndani kirahisi. Bati la banda linapigwa na hewa ya bahari pande zote mbili, na kusi inapovuma kwa miezi mfululizo hubeba chembe za chumvi ambazo hutua juu na chini kwa pamoja. Za juu huondoka na masika. Za chini hubaki, huvuta unyevu wa usiku, na kuifanya zinki ichakae taratibu kwa kutoa ule unga mweupe, hadi chuma kinapobaki uchi na kutu kuanza. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, swali la kwanza dukani linapaswa kuwa upande wa chini wa bati umepakwa nini.

Muuzaji atakuuliza geji na rangi. Geji ina maana, na wengi wanajua kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 huwa karibu na milimita 0.4, geji 30 karibu na milimita 0.3. Hata hivyo mabati mawili yenye geji moja mdomoni mwa wauzaji wawili yanaweza kutofautiana unene, kwa sababu wengine huhesabu chuma pamoja na mpako na rangi, wengine chuma peke yake. Dai milimita za chuma, ziandikwe kwenye risiti. Ukishapata hilo, uliza mpako. Mabati ya kawaida yamepakwa zinki. Yale ya aluzinki yana mchanganyiko wa asilimia 55 ya aluminiamu, asilimia 43.4 ya zinki na silikoni kidogo, nayo huvumilia hewa ya chumvi kwa muda mrefu zaidi. Uliza pia ni gramu ngapi za mpako kwa kila mita ya mraba, kwa sababu aluzinki ya gramu 70 na ya gramu 150 huitwa kwa jina moja.

Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa nene juu tu, na chini hupewa mpako mwembamba. Sisi tulichagua aluzinki ya geji 28 yenye rangi ya maziwa, kwa kuwa rangi nyeusi hufyonza joto na kummwagia aliyekaa chini yake, kisha tukayalaza mabati uani kifudifudi na kuupaka upande wa chini mikono miwili ya rangi ya bati kabla ya kuyapandisha. Kazi hiyo ilichukua siku moja. Kuifanya baadaye, umesimama kwenye ngazi na shingo imepinda, ni adhabu.

Nilimkatalia fundi kutumia mashine ya kukatia yenye jiwe, kwa kuwa cheche zake hunasa juu ya bati na kila moja huwa chanzo cha kutu. Mkasi wa bati unatosha. Saruji mbichi nayo isiguse aluzinki, kwani huila aluminiamu.

Mama mkwe wangu alitaka makuti, na kwa baraza la kupumzikia hoja yake ina uzito: hakuna bati linaloshinda ubaridi wa makuti saa nane mchana, wala ukimya wake mvua inaponyesha. Lakini makuti yanahitaji mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yasituame na kuyaozesha, jambo lisilowezekana kwenye banda linaloinama upande mmoja tu, lililoegemea ukuta. Aidha, jiko letu la mkaa liko hatua chache kutoka hapo. Sikuweza kukubali hatari hiyo.

Mahali pamoja tu, mbele ya dirisha la jikoni, tuliweka polikaboneti, karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga na yenye vijinjia vya hewa ndani, ili tusipike gizani. Ina masharti yake. Uso wenye kinga ya jua ni mmoja, na ndio unaotazama juu. Ukigeuzwa, karatasi hupata manjano na kukatika. Vilevile hutanuka kwa joto kama milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo karatasi ya mita 3 inayopanda nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka karibu milimita 8. Tundu za skrubu zisipokuwa pana kuliko skrubu, itapasuka hapohapo. Ncha za vile vijinjia vya ndani zizibwe, la sivyo sisimizi na ukungu watahamia.

Lililobaki ni upepo na maji. Banda lisilo na kuta husukumwa kutoka chini kama mwavuli, na misumari hung'oka. Tulitumia skrubu zenye washa ya mpira, kwenye kila mgongo pembezoni, na nguzo zimezamishwa kwenye zege. Kwa bati la migongo mipana tulitoa mwinamo wa nyuzi 5, ambao kwa urefu wa mita 6 ni tofauti ya sentimita 52 kati ya mwanzo na mwisho. Paa hilo la mita za mraba 18 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 900, nasi tumezielekeza kwenye tenki la lita 1,000 lililo nyuma ya choo. Maji hayo ndiyo ninayoyatumia, kila baada ya miezi mitatu, kuoshea upande wa chini wa bati kwa mpira, nikianza na upande unaotazama bahari.